Gari Lililofanyiwa Mabadiliko Likikataliwa kwa Sababu ya Moshi: Anza na Kilichobadilishwa

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Magari mengi yanayobeba abiria na mizigo kati ya Ibadakuli, Shinyanga mjini na maeneo ya migodi ya Kahama na Geita yaliingia nchini yakiwa yametumika, na baadhi yake hufanyiwa mabadiliko baadaye. Injini hubadilishwa, bomba la moshi hupanuliwa, pampu ya dizeli hufunguliwa zaidi ili gari limudu mzigo. Siku ya ukaguzi wa Kikosi cha Usalama Barabarani, mmiliki huelezwa kuwa gari linatoa moshi kupita kiasi. Gari likisimama, riziki ya familia nayo husimama. Ndiyo maana wengi hukimbilia kununua vipuri kwa kubahatisha. Makala haya yanaeleza namna ya kutafuta chanzo kwa utaratibu, tukianza na hatua zenye gharama ndogo.

Kwanza, orodhesha kila kilichobadilishwa tangu gari linunuliwe. Kiwandani, injini, mfumo wa mafuta, bomba la moshi na kompyuta ya gari hupangwa kufanya kazi kwa pamoja. Kimoja kikiguswa, vingine huweza kupotoka. Mkabidhi fundi orodha hiyo kabla hajafungua boneti.

Pili, tazama rangi ya moshi injini ikiwa imepata moto. Moshi mweusi huonesha kuwa mafuta ni mengi kuliko hewa inayoingia. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mara nyingi kutokana na ringi za pistoni, sili za valvu au tabo iliyochakaa. Moshi mweupe mzito usiokoma huweza kumaanisha kuwa maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Kwa gari la dizeli huweza pia kuwa mafuta yasiyoungua. Mvuke mwepesi wa asubuhi unaotoweka baada ya muda mfupi hauna tatizo.

Kwa moshi mweusi, anza na chujio la hewa. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara zetu hulijaza upesi, na injini hukosa hewa. Kisha rejea kwenye orodha: ikiwa pampu ya dizeli ilifunguliwa zaidi, irudishwe kwenye kipimo cha mtengenezaji. Kagua pia thamostati. Mafundi wengi huiondoa ili gari lisichemshe. Lakini bila kifaa hicho injini huchelewa kupata joto, na kompyuta huendelea kuongeza mafuta kana kwamba gari limewashwa sasa hivi. Dawa ya gari linalochemsha ni kutibu rejeta, feni au pampu ya maji.

Gari la petroli huweza kukataliwa na kipimo cha gesi ingawa moshi wake hauonekani. Hapo uliza kama masega, yaani kifaa cha kusafisha gesi kilichomo kwenye bomba la moshi, bado yapo. Ndani yake mna madini ya platini, paladi na rodi, na kwa thamani hiyo baadhi ya watu huyakata na kuyauza. Masega hugeuza kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, kuwa kaboni dioksaidi. Yakiondolewa, hakuna kurekebisha plagi kutakakoziba pengo hilo. Kagua pia tundu au maungio yaliyolegea kwenye bomba: hewa ikipenya kabla ya sensa ya oksijeni, kompyuta hudhani mafuta ni pungufu na kuyaongeza. Taa ya injini ikiwaka, gari lisomwe kwa mashine kabla ya kununua kipuri chochote.

Baada ya matengenezo, liendeshe gari hadi lipate joto kamili ndipo ulipeleke kupimwa, kwa kuwa masega baridi hayafanyi kazi ipasavyo. Ikiwa injini ilibadilishwa, hakikisha namba yake inalingana na kadi ya usajili. Mabadiliko hayo yanapaswa kuwasilishwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

Ukaguzi huu haukuwekwa ili kumkomoa mwenye gari. Mwaka 2012, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulitangaza kuwa moshi wa injini za dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Wanaouvuta zaidi ni dereva na kondakta wenyewe, mama lishe wa kituoni, mwendesha bodaboda aliye nyuma ya gari na mwanafunzi anayetembea kando ya barabara. Wamiliki wanahimizwa kuyakagua magari yao mapema na kuwataka mafundi waandike kila wanachobadilisha. Karatasi hiyo moja itapunguza gharama ya matengenezo yajayo.