Samadi, Mbolea ya Chumvichumvi na Mboji ya Shamba Lako

Wakulima wengi huuliza: ikiwa mfuko mmoja wa mbolea ya chumvichumvi hustawisha mahindi upesi kuliko samadi, ya nini kujitaabisha kubeba samadi kutoka zizini? Swali hili ni la haki. Lakini jibu lake halionekani katika mavuno ya mwaka mmoja.

Kwanza ujue mboji ni nini. Ni mabaki ya majani, mizizi na mavi ya wanyama yaliyooza mpaka hayatambulikani tena. Mboji hushika maji wakati wa jua kali, huzuia udongo usichukuliwe na mvua, na huipa mimea chakula kidogo kidogo. Kila unapolima, hewa huingia ardhini, vijidudu huila mboji, nayo hupungua. Shamba lisilorudishiwa kitu hula akiba yake.

Huko Rothamsted, Uingereza, shamba la shayiri lilianza kupimwa mwaka 1852. Sehemu moja ilitiwa samadi kila mwaka, kiasi cha tani 14 kwa ekari, na mboji yake ikazidi sana. Sehemu nyingine ilitiwa samadi mpaka mwaka 1871 tu, kisha ikaachwa. Zaidi ya miaka 100 baadaye udongo wake ulikuwa bado na mboji nyingi kuliko ule usiopata samadi kamwe. Waliobeba samadi ile walikuwa wamekwisha kufa zamani.

Lakini Uingereza ni nchi ya baridi, na mboji huoza polepole. Kwetu joto huila upesi. Huko Kabete, karibu na Nairobi, majaribio ya mahindi na maharagwe yalianza mwaka 1976 katika udongo mwekundu. Baada ya miaka mingi mboji ilikuwa imepungua katika vipande vyote, hata kile kilichopewa kila mwaka samadi tani 4 kwa ekari, pamoja na mbolea ya chumvichumvi na mabua yake. Habari hii si ya kufurahisha. Hata hivyo kipande hicho ndicho kilichopoteza kidogo kuliko vingine.

Je, mbolea ya chumvichumvi huua udongo? Maneno hayo husemwa sana, nayo si kweli. Mmea ulioshiba huwa na mizizi na mabua mengi, na yakibaki shambani huongeza mboji. Hasara huja ukiyachoma mabua au ukiyauza yote. Jambo la kuangalia ni salfeti ya amonia: ikitumiwa mwaka baada ya mwaka huutia udongo uchachu, na dawa yake ni chokaa.

Basi ifunike samadi kwa nyasi au uiweke bandani, isipigwe na jua wala mvua. Ng'ombe wakila mabua, mavi yao yarudi katika shamba lile lile. Ifukie siku ile ile uipelekayo. Ukiwa na samadi kidogo, usiitawanye shamba zima kama chumvi katika mchuzi. Tia viganja viwili katika kila shimo la mahindi, kisha ongeza mbolea ya chumvichumvi kidogo, ukitenganisha mbolea na mbegu kwa udongo. Chokaa usiichanganye na samadi mbichi, kwa maana huifukuza nguvu yake hewani. Itie wiki kadhaa mbele.