ASKARI NA MNYORORO WA PIKIPIKI YAKE

Ndugu askari, bunduki yako huisafisha bila ya kumngojea fundi wa silaha. Je, pikipiki uliyokabidhiwa huitunza namna hiyo? Wengi wetu huipanda asubuhi, huiegesha jioni, na huukumbuka mnyororo wake siku unapokatika njiani.

Nilipokuwa kiongozi wa platuni nilimtuma tarishi alfajiri apeleke barua kwa kikosi jirani. Adhuhuri tulimkuta akiisukuma pikipiki juani, barua ingali mfukoni, mnyororo umefungwa kitini kwa kamba. Ulikuwa umelegea kwa wiki nyingi, na sote, nami nikiwamo, tulikuwa tukiusikia ukigonga. Tulimshukuru Mungu kwamba ulianguka barabarani, kwani mnyororo ukinasa huweza kulifunga gurudumu la nyuma ghafla na kumwangusha mwendeshaji.

Kuukagua si kazi ya makanika peke yake. Zima injini, weka gia nyutro, usimamishe pikipiki kwa stendi. Shika mnyororo upande wa chini, katikati ya sproketi mbili, uusukume juu na chini. Kwa pikipiki nyingi za kawaida mchezo unaofaa ni milimita 20 hadi 30. Zile za njia mbaya huhitaji zaidi. Fuata kitabu cha pikipiki yako. Zungusha gurudumu upime mahali kadhaa, kwa kuwa mnyororo hauchakai sawasawa, kisha urekebishe kwa kufuata pale ulipokaza zaidi. Mnyororo uliokazwa kupita kiasi nao huharibu beringi.

Ukiwa umelegea, fungua kidogo nati ya ekseli ya nyuma. Zungusha skrubu za kurekebishia za pande zote mbili kwa kiasi kilekile, ukizitazama alama zilizochorwa. Upande mmoja ukizidi, gurudumu hukaa kombo na meno ya sproketi huliwa. Kaza nati barabara, pima tena, kisha ijaribu breki ya nyuma, maana gurudumu likisogea breki nayo huweza kubadilika.

Katika barabara zetu za changarawe, vumbi likichanganyika na oili huwa kama msasa. Sugua mnyororo kwa brashi na mafuta ya taa, kamwe si petroli. Ufute ukauke, kisha utie oili nzito ya gia upande wa ndani, kwani mnyororo ukizunguka huitupa oili nje. Gurudumu lizungushe kwa mkono. Anayesafisha mnyororo injini ikiunguruma anaviweka rehani vidole vyake.

Itazame pia kilipu ya kiungo: upande wake uliofungika ndio unaotangulia kule mnyororo unakokwenda. Mwisho, uvute mnyororo kwa nyuma kwenye sproketi kubwa. Ukiinuka hata nusu ya jino ikaonekana, umechakaa. Mpelekee fundi aubadilishe pamoja na sproketi zote mbili.

Kazi yote hii yataka spana, brashi, kitambaa na muda mfupi kabla ya gwaride. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Raia anayemngojea polisi usiku, na mwenzako anayengoja ujumbe kituoni, hawatasaidiwa na askari anayesukuma pikipiki.