Bibi, Babu na Mtoto Aliyeachishwa Ziwa

Mkoa wa Iringa huvuna mahindi, viazi na maharage kwa wingi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takribani asilimia 57 ya watoto wake walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali wastani wa nchi ni asilimia 30. Ghala lililojaa halimlishi mtoto. Anahitaji mtu wa kukaa naye na kumlisha kwa subira, mara kadhaa kwa siku. Mvua zinapoanza, mama wa Kilolo huwahi shambani alfajiri, sawa na mwenzake wa Rungwe mkoani Mbeya. Mtoto aliyeachishwa ziwa hubaki na nduguye mdogo, au na bibi.

Bibi huyo huchukuliwa kuwa mshika zamu tu. Kristen Hawkes na wenzake, waliofanya utafiti miongoni mwa Wahadza karibu na Ziwa Eyasi katika miaka ya 1980, walibaini jambo zito zaidi: mama alipokuwa na mtoto mchanga, kukua kwa mtoto aliyeachishwa ziwa kulifuata bidii ya bibi katika kuchimba mizizi, wala si ya mama.

Mzee naye hunufaika. Huko Baltimore, Marekani, wazee wenye miaka 60 na zaidi walijitolea takribani saa 15 kwa wiki kuwasaidia watoto wa shule za msingi kusoma. Baada ya miaka miwili, vipimo vilionyesha kuwa sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, ambayo kwa kawaida husinyaa kadiri umri unavyosonga, ilikuwa imeongezeka kidogo kwa wanaume waliojitolea. Wanaume, naam. Mwalimu mstaafu wa Tukuyu au Mafinga anayeshinda barazani akihesabu magari hana sababu ya kuamini kwamba malezi ni kazi ya wanawake peke yao. Kumsimulia mtoto hadithi kwa Kinyakyusa au Kihehe, na kumjibu maswali yake yasiyokwisha, ni kazi inayoamsha akili za wote wawili.

Kiasi, hata hivyo, ni muhimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wanawake wa Melbourne, Australia, ulionyesha kuwa waliolea wajukuu siku moja kwa wiki walifanya vizuri katika vipimo vya akili, lakini waliolea siku tano au zaidi walifanya vibaya katika baadhi ya vipimo hivyo. Hapa pana tofauti kubwa na hali yetu. UKIMWI, ulioathiri sana Iringa na Mbeya, umewaachia bibi wengi wajukuu yatima wa kulea usiku na mchana. Bibi wa namna hiyo hakujitolea, na kumsifu kwa moyo wake hakumpunguzii mzigo. Mhudumu wa afya amwulize analala saa ngapi, nani humpokea akiugua, na kama dawa zake za shinikizo la damu hazikukatizwa ili mtoto apate daftari.

Kliniki zetu, kwa bahati mbaya, humfundisha mama peke yake, kisha mama hurudi nyumbani ambako neno la mwisho ni la bibi. Nchini Senegal, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa bibi waliposhirikishwa katika mafunzo ya lishe kwa heshima, ulishaji wa watoto uliboreka. Bibi aalikwe kliniki pamoja na mkwewe. Aelezwe kwa nini maziwa ya mama yanatosha hadi miezi sita, na kwa nini baada ya hapo uji mwepesi wa mahindi matupu haufai: uongezwe maharage yaliyopondwa, dagaa, yai au parachichi, ambalo Rungwe halina uhaba.

Mzee anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu kabla ya kukabidhiwa mtoto. Vipimo na dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya serikali.