Je, Wajua? Riadha Nzima Hutosha Mezani

Decathlon ni mchezo wa dadu uliobuniwa na Mjerumani Reiner Knizia, mwenye shahada ya uzamivu ya hisabati. Familia huhitaji dadu 8, kalamu na karatasi tu, kisha hushindana katika michezo 10 ya riadha, kuanzia mbio za mita 100 hadi mita 1500. Katika kurusha tufe, mchezaji hutupa dadu mojamoja, hadi zote 8, huku akijumlisha alama. Anaweza kuishia popote. 1 ikitokea, jaribio hilo limeharibika. Hupewa majaribio 3, na lililo bora ndilo huhesabiwa. Katika kisahani hukubalika namba shufwa pekee. Katika mkuki, witiri. Mwenye jumla kubwa ya michezo yote ndiye mshindi.