Kibarua wa Bandarini na Mkulima wa Butura



Katika mkutano mmoja wa wanachama hapa Nyaishozi niliulizwa swali hili: "Migomo ya wafanyakazi wa mijini inatuhusu nini sisi wakulima wa kahawa?" Swali hilo ni la maana, nalo linastahili jibu la kutosha.

Chama cha wafanyakazi huundwa na watu wauzao nguvu zao. Chama cha ushirika huundwa na watu wauzao mazao yao. Vyote viwili huzaliwa na jambo moja: mtu mnyonge akisimama peke yake mbele ya mwenye mali, hana sauti juu ya bei. Ndivyo ilivyokuwa hata Marekani, makampuni ya mafuta, chuma na reli yalipokua mno baada ya mwaka 1870. Wafanyakazi wa huko walijaribu njia zote mbili. Knights of Labor, chama kilichoanzishwa mwaka 1869, kilidai mishahara bora na pia kilihimiza ushirika wa uzalishaji. Mwaka 1886 likaundwa shirikisho la American Federation of Labor chini ya Samuel Gompers.

Lakini tusiende mbali. Tutazame bandari ya Dar es Salaam. Makuli wengi waliopakia na kupakua shehena walikuwa vibarua wa kutwa. Kila asubuhi walikusanyika wakingojea kuchaguliwa. Asiyechaguliwa alirudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka 1939 vibarua hao waligoma, wakashindwa, kwa maana hawakuwa na chama, na watu wengine wenye shida walikuwa tayari kushika nafasi zao. Mwezi wa Septemba 1947 mambo yalikuwa tofauti. Vibarua na wafanyakazi wa kudumu waligoma pamoja, wakaungwa mkono na wafanyakazi wengine, na mgomo ukaenea hata kwenye miji iliyo kando ya Reli ya Kati. Mishahara ikapandishwa, na makuli wakaunda chama chao. Mwezi wa Januari mwaka huohuo, wafanyakazi wa Mombasa nao walikuwa wamegoma, wakaongozwa na Chege Kibachia.

Hata hivyo, ushindi haukudumu. Mwaka 1950 ulitokea mgomo mwingine uliozaa ghasia, na chama cha makuli kikavunjwa. Mwaka 1955 wafanyakazi walianza upya kwa kuunda shirikisho la Tanganyika Federation of Labour, na Rashidi Kawawa akawa Katibu Mkuu wake. Shirikisho hilo nalo lilivunjwa mwaka 1964, na mahali pake ikawekwa NUTA kwa sheria.

Wakulima tulipita njia iyo hiyo. Wenzetu wa Kilimanjaro waliunda chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, kikafuatwa na KNCU mwaka 1933. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini vilivunjwa na Serikali, kisha sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Mafunzo ni mawili. La kwanza, umoja hupandisha bei ya jasho la mnyonge. La pili, chama ambacho wanachama hawakijui hesabu zake wala hawakioni kuwa ni mali yao, siku kikivunjwa hakina wa kukitetea.

Sasa turudi mashambani. Mkulima auzaye butura, yaani auzaye kahawa ingali mbichi mtini, hana tofauti na yule kibarua wa mwaka 1939. Amebanwa na ada ya shule, ugonjwa au msiba, naye hupokea bei yoyote atakayotajiwa. Mavuno yakifika, kahawa ni ya mtu mwingine, na palizi alilipalilia yeye. Chama nacho hukosa kilo, na chama kisicho na kilo hakina nguvu ya kudai bei mnadani.

Wengi huwalaumu wakulima hao kwa tamaa. Mimi katika kazi ya ukaguzi nimeona kwamba mara nyingi lawama hiyo haifiki mahali pake. Mwanachama aliyepeleka kahawa yake ya maganda chamani, akangoja malipo miezi kadhaa bila maelezo, mwaka unaofuata humtafuta mlanguzi kabla mlanguzi hajamtafuta yeye. Chama kinachochelewesha malipo ndicho kinachopanda butura.

Kwa hiyo, Ndugu Makatibu, hapana budi tufanye haya. Mizani ikaguliwe kabla ya msimu, na mwanachama asome uzito kwa macho yake. Stakabadhi itolewe papo hapo. Bei, makato na tarehe ya malipo vibandikwe ukutani. Malipo yakichelewa, sababu isemwe mapema. Hesabu za mwaka zisomwe mkutanoni kwa lugha inayoeleweka. Aidha, wanachama wafikirie kuweka akiba wakati wa mavuno, ili miezi ya shida mwenzao apate mkopo mdogo bila kuuza maua ya mibuni yake.

Nanyi wanachama, ulizeni maswali mkutanoni, si njiani mkirudi nyumbani. Makuli wa 1947 hawakuwa matajiri kuliko wale wa 1939. Walichoongeza ni kusimama pamoja.