Nzi Bandia au Chambo cha Manyoya? Ufundi wa Ndoana na Suala la Istilahi

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapokutana na dhana ngeni, mara nyingi huikimbilia kamusi kabla ya kuwaendea watu. Mwandishi wa makala haya hajitoi katika kosa hilo. Aliwahi kuombwa atafsiri maelezo mafupi juu ya uvuvi wa samaki aitwaye trauti katika mito ya Mlima Kenya. Chombo kikuu cha uvuvi huo ni ndoana iliyofungwa manyoya ikafanana na mdudu. Waingereza huiita kwa jina la nzi, naye bila ya kusita akaandika "nzi bandia". Alipomsomea tafsiri hiyo mvuvi mmoja mzee wa Mtongwe, Likoni, mzee alicheka, kisha akauliza: "Nzi wa jalalani, mwanangu? Ni samaki gani huyo?"

Makala haya yanakusudia kueleza ufundi huo kwa ufupi, na kuonyesha kuwa Kiswahili kilikuwa na maneno yake tayari.

Chanzo cha ufundi

Trauti si samaki wa asili wa Afrika Mashariki. Mwaka 1905, kwa juhudi za Ewart Grogan, trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, walipandwa katika mto Gura, milima ya Nyandarua. Samaki huyu hutaka maji baridi yaendayo kasi, na kwa hiyo hawezi kuishi katika joto la Pwani. Sehemu kubwa ya chakula chake ni wadudu: wachanga waishio chini ya mawe, na waliokomaa wanaoelea juu ya maji. Wadudu hao ni wadogo na laini mno. Ni vigumu kuwachoma kwenye ndoana wasiharibike. Basi mvuvi huwaiga.

Uigaji huo ni wa kale. Aelianus, mwandishi wa Kirumi aliyeishi yapata mwaka 200 B.K., anaeleza kuwa wavuvi wa Makedonia walizungushia ndoana sufu nyekundu, kisha wakafunga manyoya mawili ya jogoo. Kitabu kilichochapishwa Uingereza mwaka 1496 kiliorodhesha mifano 12. Siku hizi karakana za bara nchini Kenya hufunga ndoana hizo kwa mikono na kuziuza ng'ambo.

Namna ya kufunga

Ndoana hubanwa kwenye jiliwa ndogo. Uzi mwembamba uliopakwa nta huzungushwa kuanzia karibu na tundu hadi penye mpindo, ili vitakavyofuata visiteleze. Hapo hufungwa mkia wa nyuzinyuzi chache za unyoya. Kiwiliwili hufanywa kwa sufu au kwa manyoya ya sungura yaliyosokotwa kwenye uzi. Kisha unyoya mrefu wa shingo ya jogoo huzungushwa upande wa mbele, nyuzinyuzi zake zikasimama pande zote mithili ya miguu. Mwisho, kichwa hukazwa kwa fundo na kupakwa vanishi. Ikiwa ndoana ni ya kuelea, unyoya uliosimama ndio unaoiweka juu ya maji. Ikiwa ni ya kuzama, huongezwa waya mwembamba wa shaba.

Ni muhimu kutambua kwamba si kila mfano huiga mdudu mmoja maalumu. Mfano uitwao Adams, uliobuniwa Michigan, Marekani, mwaka 1922, huashiria tu umbo la mdudu aliye juu ya maji. Mingine huiga samaki wadogo. Kwa hiyo neno "nzi" halikidhi haja hata mtoni.

Ufundi wa Mtongwe

Baada ya kucheka, mzee alitoa kopo la maziwa lenye ndoana zake. Moja ilikuwa ndefu, imefungwa manyoya meupe ya jogoo yaliyolala kuelekea mpindo, na katikati yake vipande vya plastiki ing'aayo. Uzi ulizungushwa ukakazwa kwa fundo, kisha ukapakwa rangi ya kucha usifumuke. Mbele yake palikuwa na waya, kwa kuwa meno ya nguru hukata mshipi. Ndoana hii huburutwa nyuma ya chombo kinachokwenda, na kitendo hicho huitwa kurambaza. Nguru, jodari na kolekole huifuata wakidhani ni dagaa anayekimbia. "Samaki hali rangi," alisema, "hula mwendo."

Nilipomuuliza jina lake, alijibu pasi na kufikiri: "Chambo cha manyoya." Nikadai kwamba chambo ni kitu cha kuliwa, ilhali manyoya hayaliwi. Akasema: "Chambo ni kile kimwitacho samaki. Kuliwa ni shauri lake."

Jibu hilo ni fasili kamili. Linatupa chambo cha nyama na chambo cha manyoya. Na chini ya hicho cha pili tunaweza kuweka cha kuelea, cha kuzama na cha kurambaza. Ni istilahi fupi na bainifu, na mvuvi wa Pwani huielewa bila ya kufafanuliwa.

Hitimisho

Mzee yule haendi tena baharini, macho yamemchoka. Wanawe wawili wanaendesha tuktuk, mmoja Kisauni na mwingine Changamwe, na hakuna kati yao ajuaye kufunga ndoana hizo. Lile kopo likitupwa, maneno yatakwenda nalo, nasi tutabaki kuunda mengine mezani na kulalamika kwamba lugha yetu haina msamiati wa ufundi.

Mwandishi anapendekeza kwamba kila mwanafunzi anayetafiti istilahi afike kwanza bandarini, karakanani au shambani, na daftari mkononi, ndipo aifungue kamusi. Ile tafsiri ya "nzi bandia" imekwisha kusahihishwa. Wahenga walinena: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.