Kuulizauliza na Kuarifiwa: Sarufi ya Programu Zinazongoja Tukio

Katika makala haya tunakusudia kueleza dhana ya kompyuta inayowatatiza wanafunzi wetu wanapoitafsiri, yaani webuhuku. Maoni yetu ni kwamba sarufi ya Kiswahili ina nyenzo za kuifafanua.

Tuanze na mpaka wetu. Shehena zitokazo bandari ya Mombasa kwenda Kampala kwa barabara hupitia Busia au Malaba, wilaya moja na Molo, yaani Tororo. Mwenye mzigo anayepiga simu kila saa, "Lori limefika?", anaulizauliza. Uradidi huo waonyesha tendo linalorudiwa, aghalabu bila faida. Mwaka 2017, mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha mfumo wa pamoja wa kufuatilia shehena kwa lakiri za kielektroniki. Lakiri ikifunguliwa njiani, kituo cha ufuatiliaji hupata tahadhari. Hakuna aliyeuliza, tukio lenyewe ndilo lililoanzisha taarifa.

Webuhuku hufuata kanuni hiyo baina ya programu na programu. Mpokeaji huandikisha anwani yake ya intaneti kwa mtumaji, kisha hungoja. Kwa mfano, kupitia huduma ya Daraja ya Safaricom, mteja anapolipa kwa M-Pesa, ujumbe wenye kiasi na namba ya muamala hupelekwa kwenye mfumo wa mfanyabiashara, nao hutoa risiti. Ni kama mgeni apigaye hodi: mwenyeji hana haja ya kuchungulia mlangoni kila dakika.

Hata hivyo, si kila abishaye hodi ni mgeni mwema. Mlaghai aweza kupeleka taarifa ya malipo yasiyokuwepo, hivyo sharti mtumaji athibitishwe. Aidha, katika mifumo mingi, mtumaji asipoitikiwa hurudia ujumbe. Mfumo usiokagua namba ya muamala utahesabu karo moja mara mbili.

Kisarufi, kiini cha mifumo hii ni kiambishi -po- cha wakati: "Malipo yanapoingia, toa risiti." Kuuliza kumeondoka, kuarifiwa kumeshika nafasi yake. Kwa sababu hiyo twapendekeza "hodi ya mtandao" iwe istilahi ya webuhuku. Walimu waijaribu darasani, nasi tutapokea maoni yao kwa shukrani.